Flashi Iliyokuja na Picha za Marehemu

Marahaba, wanangu. Najua hamjanisalimia, lakini naitikia mapema, maana mkishachomeka vile vispika vyenu masikioni huwa hamsikii mtu. Mimi ni Mwanahawa, mzaliwa wa Kondoa, mkazi wa Kikuyu hapa Dodoma mjini, askari mstaafu. Wenzangu walihoji wezi, mimi nilihoji kompyuta. Nililetewa mashine zilizonyamaza nikaambiwa nizisemeshe, nami nikazisemesha. Leo nataka kujisifu kidogo, kwa sababu kazini hatukuwa na nafasi hiyo, na ukishastaafu hakuna wa kukuzuia.

Nasikia mnafundishwa kwenye vyumba vya kiyoyozi, kila mtu na skrini mbili. Hongereni sana. Sisi kifaa chetu cha kwanza kilikuwa brashi ya kupakia rangi. Kompyuta iliyotoka wilayani ukiifungua unakutana na vumbi letu jekundu limejaa hadi waya hazionekani, na bila kulipangusa huwezi kufanya lolote. Siku moja mwenzangu alifungua boksi akakuta mjusi amejilaza juu ya feni, akapiga ukelele hadi wa mahabusu nao wakasimama.

Na hapo mshukuru Mungu kama mmeletewa kompyuta yenyewe. Zamani askari wa vituo vya mbali walikuwa hawajaizoea kazi hii. Tuliwahi kuagiza kompyuta ya mtuhumiwa iletwe Dodoma, ikaja imefungwa blanketi, askari wawili wameilinda njia nzima kama maiti ya mkubwa. Kufungua blanketi, ni kioo peke yake. Boksi lenye diski na kila kitu waliliacha chini ya meza ya mtuhumiwa.

"Sasa koplo," nikamuuliza, "hiki kioo nikihoji nini?"

"Mama, yale mambo yote tuliyaona humo humo," akanijibu, tena kwa uhakika.

Msicheke sana. Mwaka jana kijana mwenye digrii aliniomba nimsaidie simu ya ushahidi, nikakuta ameiacha mezani imewashwa, ina mtandao, na mwenye simu yuko nje kwa dhamana. Tukiwa tunaitazama ikajifuta yenyewe. Mwenyewe aliifuta akiwa kwake, kwa simu nyingine. Simu ikikamatwa itenganishe na mtandao papo hapo. Kama huna mfuko maalumu, izungushie ile karatasi ya fedha ya kufungia kuku wa kuchoma, mizunguko mingi, halafu jaribu kuipigia. Ikiita, ongeza karatasi. Nimefanya hivyo mara nyingi na mahakama haikunicheka.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mwalimu Sembuli, mzee mwembamba, zamani fundi wa redio, ambaye aliingia kwenye kompyuta alipoona redio hazina tena wa kuzileta kutengenezwa. Siku ya kwanza ya mafunzo tulidhani tutafundishwa kuvunja paswedi kama tulivyoona kwenye filamu. Mzee akatuingiza kwenye chumba chenye kompyuta moja iliyowashwa, akafoka, "Mikono nyuma!" Watu wazima, wengine na vyeo vyao begani, tukasimama mikono nyuma kama watoto wa darasa la kwanza. Kazi yetu ikawa kusema tu tunachokiona. Kioo kinaonyesha nini, taa gani inawaka, waya upi unaelekea wapi, meza ina nini, kiti kimekaa vipi. Aliyenyoosha kidole kugusa alitolewa nje.

Wiki nzima tulikuwa mikono nyuma. Mimi nilikasirika, nikamwambia, "Mwalimu, tumekuja kujifunza kompyuta au gwaride?"

"Mwanahawa," akasema, "ukigusa tu, umeshaandika. Kompyuta haijui kwamba wewe ni askari. Inakuandika na wewe pamoja na mwizi."

Hilo ndilo jambo kubwa nililopata kwake. Kompyuta inaandika. Inaandika ulichofungua, ulichofuta, mtandao ulioingia, na hata vitu ulivyoichomekea. Ndiyo maana hatufanyii kazi diski halisi. Tunaichomeka kwenye kifaa kinachozuia kuandika, tunatoa nakala nzima, na nakala hiyo tunaipa alama ndefu ya herufi na tarakimu ambayo ikibadilika hata nukta moja ndani, alama nayo inabadilika. Wakili akisimama kudai umepika ushahidi, unatoa alama mbili zinazofanana, ya diski na ya nakala, unakaa kimya. Hakuna raha kama ile.

Basi ngoja niwape ya Upendo, maana ndiyo kesi ninayoipenda kuliko zote.

Upendo alikuwa ofisa wa kompyuta wa mamlaka ya maji ya mji mmoja mdogo wa huku kwetu nyanda za kati. Mji sitautaja. Binti mpole, mama yake anatoka Buigiri, na ofisi nzima ikimtegemea kwa kila kitu chenye waya. Kiangazi kikiwa kimekolea, mfumo wa kompyuta unaoendesha pampu za visima ukafungwa na mdukuzi. Kioo kikaonyesha maandishi mekundu tu. Mafundi wakabaki kuendesha pampu moja moja kwa mkono, maji yakitoka mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa, na mnajua kiangazi chetu kilivyo. Mji ukakasirika.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Injinia Gasper, ambaye kampuni yake ndiyo iliyofunga mfumo ule. Mkataba wake wa matunzo ulikuwa umekwisha, na ofisi ikaona Upendo anauweza mfumo bila yeye. Injinia akaja, akakaa kwenye kompyuta ya Upendo asubuhi nzima, akatoka na jibu: amri ya kufunga pampu imetoka kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa jina na paswedi ya Upendo. Meneja hakuuliza la pili. Upendo akasimamishwa kazi, akalala mahabusu, akatoka kwa dhamana, na jalada likawa linaandaliwa kwenda kwa mwanasheria wa serikali. Hujuma dhidi ya huduma ya maji siyo mchezo, wanangu. Binti alikuwa anatazama miaka ya jela.

Nilikabidhiwa kompyuta yake nikathibitishe tu. Mkubwa wangu alisema hivyo hivyo, "Kathibitishe." Neno hilo huwa linaniudhi. Nikatoa nakala, nikaweka mikono nyuma kwa akili, nikaanza kutazama.

Injinia alikuwa amesema kweli. Amri ilitoka pale, kwa jina la Upendo. Lakini ilitoka wakati ofisi nzima ilikuwa makaburini. Mama mzazi wa dereva wao, Mzee Lameck, alikuwa amefariki, na ninyi mnajua ofisi zetu, mtu akifiwa hakuna anayebaki. Meneja, karani, mhudumu, wote walipanda gari wakaenda kuzika, getini akabaki mlinzi. Upendo naye alikuwa huko, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Ripoti ya Injinia ililijua hilo na ikalijibu: binti aliacha programu ya kujiendesha yenyewe ili apate pa kujifichia. Maelezo yalikaa vizuri, na hata mimi siku ya kwanza nilianza kuyaamini.

Nikaitafuta hiyo programu imeingiaje. Nikaikuta kwenye folda la picha. Ilivaa sura ya picha, ukiibofya inakuonyesha picha kweli, huku nyuma inafanya mambo yake. Na picha iliyoonekana ilikuwa ya bibi mmoja amefunga njuga miguuni, anacheza ngoma, amechangamka kweli kweli. Folda liliitwa "Mama Lameck".

Nikamwita Upendo. Alikuja na mama yake, kashika mkono wa mama kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, usiogope. Hizi picha ulizipata wapi?"

Akaanza kulia kabla hajajibu. Akasema kila ofisini wakifiwa, yeye ndiye anayechapa wasifu wa marehemu na ratiba ya mazishi, kwa kuwa ndiye wa kompyuta. Mzee Lameck alimletea bahasha ya picha zilizokusanywa pale msibani. Nyingine za karatasi, nyingine kwenye flashi nyeusi, ya nani hakumbuki, maana msibani kila mtu alikuwa anatoa alichonacho.

"Na ofisi yenu si imekataza flashi za nje?"

"Imekataza mama, na tangazo niliandika mimi mwenyewe. Lakini baba wa watu kafiwa na mama yake, amesimama mbele yangu na macho mekundu. Nimwambie nini? Nimwambie mzee, picha za mama yako haziruhusiwi?"

Ningekuwa mimi ningeichomeka pia, na ninyi pia mngeichomeka, msijifanye. Aliyepanga jambo lile aliwajua watu wetu. Alijua kwamba mlango wa ofisi yoyote hapa Dodoma unaweza kuwa na walinzi na makufuli, lakini msiba unapita bila kuulizwa, na siku ya kuzika hakuna wa kuona kitu. Niliposhika hilo nilipandwa na hasira ambayo hata sasa nikisimulia inanirudia. Kutumia maiti ya bibi wa watu!

"Flashi yenyewe iko wapi?"

"Niliiacha kwenye kompyuta, mama. Tulikuwa tunawahi gari la mazishi."

Kompyuta ilipofungwa lakiri na askari haikuwa na flashi. Hata hivyo tulizikusanya zote za pale ofisini ili tusije tukamwonea mtu. Zilijaa beseni. Nikazichomeka moja moja nikakuta kwaya, mahubiri, filamu za Kinaijeria, na picha za harusi ya Meneja alipokuwa mwembamba. Iliyotakiwa haikuwemo. Nilijua haimo kwa sababu kila flashi ina namba yake tangu kiwandani, na kompyuta ya Upendo ilikuwa imeiandika namba ya ile nyeusi.

Hapo sikilizeni vizuri, maana ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Watu wanadhani flashi wakishaifuta yote, imekuwa mpya. Umefuta vilivyomo. Namba yake haifutiki kwa njia hiyo, itabaki nayo hadi iende jalalani.

Nilirudi kwenye picha ya bibi anayecheza ngoma. Picha za msibani karibu zote zilikuwa zimepita kwenye WhatsApp, na WhatsApp huipunguza picha na kuivua habari zake. Hii ilikuwa kubwa, nzima, na ndani yake imebeba aina ya kamera iliyoipiga. Kamera ya gharama, siyo simu. Haikupita mkono kwa mkono, ilitoka moja kwa moja kwa mwenye kamera. Nikampigia Upendo nikamwuliza bibi alikuwa anacheza wapi.

"Uzinduzi wa pampu, mama. Kikundi chao cha ngoma ndicho kilichotumbuiza. Siku hiyo aliyekuwa anapiga picha kwa kamera kubwa ni Injinia Gasper."

Nilikaa kitini nikatabasamu peke yangu. Injinia ndiye aliyekuwa na picha. Injinia ndiye aliyeujua mfumo. Injinia ndiye aliyekaa kwenye ile kompyuta kabla yetu, akaondoka, na flashi ikaondoka. Na ofisi ikishamfunga Upendo, nani ataitwa kuutunza mfumo?

Nikampelekea Meneja taarifa. Alinisikiliza huku anatazama saa. "Mama, Injinia ni msomi na ni rafiki wa ofisi hii. Alikuja hadi msibani, alikaa na sisi kwenye mkeka. Wewe unaniletea habari za picha?"

"Mkekani ndipo alipoitolea flashi, Mheshimiwa," nikamwambia. Akaninunia.

Mkubwa wangu, Mungu ambariki, alikubali kuomba hati ya upekuzi kwa sababu ya ile picha. Ikasainiwa. Lakini nilikuwa na hofu moja. Tukienda nyumbani kwake na ving'ora, akituona tu flashi itaishia chooni, na bila flashi wakili atasema picha inaweza kuibwa na yeyote. Jalada la Upendo nalo lilikuwa linaondoka wiki ile ile. Nilitaka flashi itoke mfukoni kwa hiari yake, mbele ya watu.

Nafasi ikaja yenyewe. Injinia aliitwa kuwaeleza wakuu jinsi atakavyourejesha mfumo akipewa mkataba mpya. Nami nikaalikwa kueleza uchunguzi umefika wapi. Nikafika mapema, nikaunganisha kompyuta yangu kwenye projekta, nikakaa kiti cha pembeni kama mama mwenye usingizi. Hati ilikuwa kwenye pochi, na askari wawili walikuwa nje wanakunywa soda. Upendo na mama yake walikaa getini, maana aliyesimamishwa haruhusiwi kuingia.

Injinia akaingia amependeza, suti ya bluu. Akaanza kuvuta mkoba wake.

"Injinia, usihangaike na waya," nikasema. "Hii imeshaunganishwa. Weka kazi yako hapa hapa."

"Ahsante sana mama, una moyo mzuri."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gari, na kwenye funguo inaning'inia flashi nyeusi. Nilikuwa najua flashi nyeusi ni nyingi duniani. Akaichomeka. Slaidi zikatokea ukutani, nzuri, zenye rangi, na yeye akaanza kuzungumza juu ya usalama wa mifumo na umuhimu wa kutowaamini wafanyakazi wa ndani. Mimi nikainama kwenye kompyuta kama ninayerekebisha mwanga. Kompyuta yangu ilikuwa imeshaiandika. Nikaisoma ile namba taratibu, tarakimu kwa tarakimu, nikaisoma tena kutoka mwisho. Ilikuwa yenyewe!

Alipomaliza watu wakapiga makofi. Akanyoosha mkono kuchukua flashi yake.

"Injinia," nikasema, "naomba usichomoe hiyo flashi."

"Kwa nini mama, nimekosea kitu?"

"Hujakosea. Umefanya vizuri kabisa. Mheshimiwa Meneja, flashi iliyofunga pampu zenu namba yake niliiandika kwenye taarifa niliyokuachia juzi. Naomba uifungue, uisome kwa sauti, na wenzako watazame ukutani."

Meneja akaifungua, akasoma. Nami nikaifungua yangu ukutani, na ukumbi mzima ukafuatilia namba ile ile.

"Hii flashi niliifuta!" Injinia akasema.

Nakwambieni kweli, nilitaka kumkumbatia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama aliifuta. Nikatoa hati kwenye pochi, askari wakaingia, mkoba ukafunguliwa mbele ya mashahidi. Watu mnaniuliza kwa nini msomi yule hakuitupa flashi. Ubahili, wanangu. Ilikuwa flashi nzuri, yenye nafasi kubwa, akaona hasara. Nimewatia mbaroni watu wengi zaidi kwa ubahili kuliko kwa ujinga.

Kwenye kompyuta yake tulikuta programu yenyewe, na faili lenye ufunguo wa kufungulia mfumo. Alikuwa amepanga akipewa mkataba ajifanye ameutafuta kwa shida. Baadaye mahakama ilimaliza naye, na mimi nilisimama kizimbani na alama zangu mbili zinazofanana, wakili wake akakosa swali.

Lakini siku ile ile, kabla ya mahakama, nilimwambia Meneja amwite Upendo kutoka getini. Akaenda kumleta mwenyewe, kwa miguu, bila kofia, kwenye jua lile la saa nane. Waliporudi akamwambia mbele yetu sote.

"Upendo mwanangu, tumekukosea. Pumzika, uje kazini Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali, Mheshimiwa," binti akasema. "Watu hawana maji."

Nikampa ufunguo baada ya kutoa nakala, akakaa mbele ya mfumo, akauandika yeye mwenyewe. Maandishi mekundu yakapotea. Akawasha pampu ya kwanza, ya pili, zote. Fundi wa kule kwenye tangi akapiga simu huku anapiga kelele kwamba maji yanapanda, na mama yake Upendo akatoa kigelegele mle mle ofisini, Meneja akiwepo. Mimi nililia mbele ya askari wangu wa chini, na sikuona aibu.

Jioni, nikisubiri gari la kurudi mjini, nilimwona Upendo anatoka na ndoo ya mama yake kwenda kwenye bomba la mtaa. Foleni ilikuwa imepinda hadi barabarani, wanawake wameanza kupanga ndoo tangu waliposikia mabomba yanakohoa. Habari ilikuwa imeshafika, mji mdogo ule. Upendo akaenda kusimama mwisho kabisa, kichwa chini. Mwanamke wa mbele kabisa, ambaye ndoo yake ilikuwa imeshaanza kujaa, akaivuta pembeni, akageuka.

"Upendo," akaita, "lete ndoo yako hapa." Na foleni nzima ikampisha.